Siku Kalista Aliponiheshimu

Alhamisi, 26 Juni

Baridi. Mbuzi mweusi kagoma kusimama, kapiga ndoo teke, maziwa nusu chini. Nilikuwa katikati ya kumtukana simu ikaita. Thandi. Tena kwa video, saa ya kukamua! Nikaiegemeza simu kwenye jiwe nikaendelea na kazi, akawa anaona kwato na pindo la gauni langu tu.

Anakuja! Mdogo wangu anakuja huku Nyandira, wiki ijayo Jumamosi. Nimeruka. Na goti langu hili, nimeruka.

Tangu niondoke kwetu Afrika Kusini nikiwa msichana, nimerudi mara moja, kumzika mama. Thandi hajawahi kukanyaga huku. Anaijua milima hii kwa vipande vya kwenye simu, nyuma ya kichwa changu.

Nimeteremka mbio kwa Kalista kumpa habari, maana furaha ikikaa na mimi peke yangu inaniwasha. Akasema ashukuriwe Mungu, kumbe wenyewe wamekumbuka mzigo wao waliousahau huku. Akauliza watanibeba kwa gunia au watanifunga kamba. Mchawi yule.

Hapo nikawaza: Kalista nitamwelezaje kwa Thandi? Ngoja nijaribu hapa kwanza. Kalista ni mtani wangu. Ukoo wake na ukoo wa marehemu Damasi, mume wangu, ni watani tangu enzi za mababu, na nilipoolewa nikaingia humo humo. Ananitukana, namtukana. Akibeba jembe langu sina ruhusa ya kununa. Na siku ya msiba watani ndio wanaochimba, ndio wanaopika, ndio wanaomwigiza marehemu. Alipokufa Damasi, Kalista alivaa koti lake, akapita katikati ya waombolezaji akikohoa kama yeye, akitafuta miwani aliyoivaa usoni. Nilicheka pale kaburini. Machozi yanatiririka na mimi nacheka, na nikajua kwamba sitakufa na mimi.

Nikiyasoma haya naona hayaeleweki. Basi, nitamweleza akifika.

Jumamosi, 28 Juni

Thandi ameandika. Tiketi za kurudi ni mbili. Moja yake, moja yangu.

Hajaniuliza! Amejenga chumba. Kipo karibu na chake, dirisha linapokea jua la asubuhi, na bafu lina maji ya moto. Anasema nimekaa ugenini vya kutosha, mume hayupo, mtoto hatukujaliwa, nyumba imekaa kwenye ardhi ya watu. Anasema nisizeekee kwa watu baki.

Nimekasirika mpaka chai ikapoa. Halafu nikawaza yale maji ya moto. Nisijidanganye, nimeyawaza mchana kutwa.

Kuhusu ardhi hajakosea. Huku shamba ni la ukoo wa mama. Damasi alilima la mama yake, na baada yake limekwenda kwa mtoto wa dada yake, Evarist. Mimi mkaza mjomba ninalima kwa hisani yake tu. Evarist ni kijana mwema, amesoma hadi kidato cha sita, ana Noa yake inayopandisha watu milimani. Leo kapita, kaniamkia, kasimama, kazungukazunguka maneno. Mwisho akauliza kama msimu huu nitapanda njegere au la. Kumbe habari ya tiketi imeshafika. Nikamwambia nitamjibu mgeni akishaondoka.

Sijui nitamjibu nini. Kweli kabisa sijui.

Jumatano, 2 Julai

Nimepaka chokaa ukuta wa mbele. Kalista kapita, kasema hata jeneza huwa wanalipaka rangi. Nikamrushia brashi, ikampata mgongoni. Leo nina shabaha.

Nataka Thandi aone kwamba nimeyafurahia maisha haya. Hicho tu. Sitaki anionee huruma. Nimeanza kutafuta cha kumwonyesha. Matuta ya ngazi mlimani, tuliyochonga na Damasi kwa jembe la mkono. Ukungu ukiachia asubuhi na mabonde yote yakitokea kwa mkupuo. Mbuzi wangu. Njegere mbichi. Redio. Ukiyataja hivi ni vitu vidogo, jamani. Mtu aliyejenga chumba chenye bafu atavitazama na kusema vizuri, vizuri, haya twende.

Damasi nilimpata Dakawa. Sisi tuliowakimbia makaburu tuliwekwa kambini kule chini kwenye joto na mbu, yeye akishusha kabichi na karoti kutoka milimani. Alinipa karoti bila kusema neno. Wiki iliyofuata tena karoti. Nikamwuliza kama yeye anadhani mimi ni sungura. Alicheka hadi akakaa chini, kando ya lori. Nikasema huyu huyu.

Ijumaa, 4 Julai

Nimesukwa. Nimeazima godoro. Nimepika vitumbua, vimeungua, nimevila mwenyewe. Kesho!

Jumamosi, 5 Julai

Nimefurahi, nimechoka, na bado mambo yameharibika. Nianze na mazuri.

Evarist alinishusha mjini mapema tukamsubiri stesheni ya treni ya umeme. Watu wakamwagika kutoka ndani, wote warefu, wote na masanduku, nikadhani sitamwona. Halafu nikaona mwendo wa mama yangu unakuja. Matege yale yale! Mimi ninayo, yeye anayo. Tumekumbatiana mpaka askari wa pale akatuomba tusogee pembeni. Analia, nalia, Evarist kashika sanduku anatazama juu kwa heshima.

Njiani kachungulia dirishani muda wote. Tulipoiacha barabara ya Iringa na kuanza kupanda akanishika mkono, na kwenye kona kubwa akafumba macho. Watoto wakimwamkia shikamoo na yeye anawajibu shikamoo. Nilicheka, nikamfundisha marahaba. Nilikuwa na raha ambayo sijaipata tangu Damasi afe. Nikasahau kabisa kumweleza habari ya utani. Nilisahau!

Tumefika njia ya kwangu, njia imefungwa. Kalista na wanawake wenzake wa ukoo wao wamekaa chini, miguu wameinyoosha, wanalia msiba. Kalista amevaa gauni langu la maua, lile nililolitafuta wiki nzima kwenye kamba. Akainuka, akatembea mwendo wangu, matege, goti bovu na yote, akiongea Kiswahili changu cha kuvuta. Akampaka Thandi unga uso mzima. Wasichana wakanyakua sanduku, wakajitwika, wakaondoka nalo wakiimba. Mimi nilikuwa nimeshakaa chini kwa kucheka.

Na Evarist, mtoto mwema, msomi, akaona kazi yake ni kutafsiri. Neno kwa neno, kwa Kiingereza safi, ametulia kama anasoma tangazo la kanisani. Kwamba huyu mama anasema dada yako ni mbuzi aliyepotea, amekula kabichi zetu miaka yote hii na hakuzaa hata kitoto kimoja. Kwamba kwao walimfukuza kwa ulafi. Kwamba sanduku litarudi mkishamlipia makombo. Hakumwambia kwamba hawa ni watani. Kwake hilo halisemwi, nani asiyejua watani?

 Thandi alijifuta unga kwa leso. Alikuwa ananitazama mimi, jinsi ninavyocheka. Nadhani hicho ndicho kilichomuumiza kuliko unga.

Sanduku lilirudi kabla ya chakula, na mkungu wa ndizi juu yake. Ndizi hakuzigusa.

Jumapili, 6 Julai

Hakwenda kanisani. Nilirudi nikakuta amekunja nguo zangu kitandani, mafungu mafungu, za kubeba na za kuacha.

Nilieleza. Nilieleza kwa Kizulu, nikaeleza kwa Kiingereza. Neno lenyewe hatuna. Nikasema ni mzaha, akasema mzaha juu ya mjane asiye na mtoto? Nikasema ni mila, akasema kila aliyewahi kudharauliwa ameambiwa ni mila. Nikasema hata mimi huwatukana. Ndipo akasema, taratibu, na mkono wake juu ya mkono wangu:

"Wamekufanya kichekesho, dada. Na wewe umezoea."

Nilitoka nje nikapasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa.

Inaniuma kwa sababu sina ushahidi. Na kama ni kweli? Kama miaka yote hii wenzangu wananicheka na mimi ndiye peke yangu nadhani tunacheka pamoja? Sijawahi kuwaza hivyo hata siku moja. Sasa nimewaza, na wazo halitoki.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Redio inapiga kelele za maonyesho. Nimekwenda kwa Kalista, nimemkuta anapepeta maharage. Nikamwomba apumzishe utani mpaka mgeni aondoke. Nilisema mdogo wangu haelewi, anaumia, anadhani nadharauliwa.

Nilitegemea tusi. Aliacha kupepeta. Akaniambia sawa, amenielewa. Kisha akanisindikiza mpaka njiani. Kalista hajawahi kunisindikiza.

Jumanne, 8 Julai

Hodi. Nikasema karibu, hakuna aliyeingia. Hodi tena. Nikafungua, ni Kalista. Amesimama nje anasubiri kukaribishwa! Mtu anayeingia kwangu akifunua vyungu kabla ya kusalimia. Kanga mpya. Kauliza tumeamkaje, mgeni amelalaje, baridi haijamsumbua? Kaleta gauni langu, limefuliwa, limepigwa pasi. Kaleta na jembe langu alilobeba mvua za mwaka juzi. Kakaa ukingoni mwa kiti, kanywa chai, kashukuru, kaondoka.

Thandi kafurahi. Anasema unaona, ukiwasimamia watu wanakuheshimu.

Nililitazama lile jembe. Limesuguliwa hadi linang'aa.

Alhamisi, 10 Julai

Siwezi kula.

Kijiji kizima kimeambiwa. Bombani wamenipisha nichote wa kwanza. Dukani wamenitolea kiti. Wale wanawake wa ukoo wa Kalista wakiniona wanainuka, wananyamaza, wananiuliza hali yangu na kusubiri jibu. Mmoja akasema, pitia hapa mgeni, kuna tope. Mgeni. Mimi!

Nimerudi nyumbani nikijisikia nimekufa na hakuna aliyekuja kuniigiza.

Hii heshima naijua. Ndiyo niliyoipata Dakawa. Pole mgeni, karibu mgeni, kaa hapa mgeni. Watu walikuwa wazuri ajabu, na kila neno zuri lilinikumbusha kwamba hapa si kwetu. Hata huku milimani, mwanzoni, ilikuwa hivyo hivyo. Mpaka siku ya harusi. Nimesimama na gauni jeupe la kuazima, binti mmoja akatoka kwenye umati, akanimwagia maji ya majivu, akapiga kelele kwamba Damasi amedanganywa, ameuziwa korongo, mwembamba hivi wa kazi gani. Nililia. Damasi akaninong'oneza nimjibu. Nikasema kwa Kiswahili changu kibovu kwamba heri korongo kuliko chura. Uwanja mzima ukalipuka, na yule binti akanikumbatia na majivu yake. Kalista huyo. Siku ile ndiyo niliyofika Tanzania. Kabla ya hapo nilikuwa njiani tu.

Hicho ndicho nilichokuwa natafuta cha kumwonyesha Thandi. Na nimekwenda kukizima kwa mdomo wangu mwenyewe.

Chumba chenye maji ya moto ni kizuri. Sikitaki. Nimekaa nasema peke yangu jikoni, kwa sauti, sikitaki.

Ijumaa, 11 Julai

Nimeiba kuku!

Sina budi kuandika upesi kabla sijaanza kucheka tena. Asubuhi nimeshuka kwa Kalista. Mlango wazi, yeye yuko na majirani wanamenya viazi. Wote wakainuka kuniheshimu. Sikusalimia. Nikapita katikati yao hadi uani, nikamkamata yule jogoo wake mwekundu, yule anayemsifia hadi kwa padri, nikamtia kwapani. Nikawatangazia kwamba namchukua, maana kwa mwenye nyumba hii hakuna kingine chenye akili.

Visu vikasimama juu ya viazi.  Nikadhani nimechelewa, nimeshafanywa mgeni moja kwa moja.

Kalista akadondosha kisu. Akavua kanga mpya, akaifunga kiunoni, akapiga ukelele mmoja ambao nadhani umefika Morogoro mjini. Mwizi! Korongo mwizi! Nikakimbia. Goti hili! Kupanda kilima, jogoo ananipiga mbawa usoni, Kalista nyuma yangu na mwiko, wanawake wote nyuma yake, watoto, mbwa. Anapiga kelele kwamba siku tatu za adabu zimempa homa, ameumwa tumbo kwa kuniita Bibi Mvula badala ya korongo. Nami namjibu kwamba hata alipooga hakunukia.

Tumeanguka wote wawili mlangoni kwangu. Pumzi hatuna. Kanishika shingo nikadhani ananikaba, kumbe analia. Akaniambia sikioni kwamba nisirudie tena kumwomba kitu kama kile. Nikasema sirudii.

Thandi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Evarist alikuwa amefika kuchukua karoti za kushusha sokoni. Nikamwona Thandi anamwuliza, na safari hii hakumwuliza wanasema nini. Alimwuliza kama wanasema hivi kwa kila mgeni. Evarist akashtuka kweli kweli. Mgeni? Mgeni hatukanwi, akasema, ni vibaya sana. Hutukanwa mtu wetu.

Thandi akakaa kizingitini. Akatutazama, wazee wawili chini na jogoo katikati. 

"Kule nyumbani," akasema, "wote watakuheshimu."

Akaanza kulia, na kicheko kikaingia humo humo ndani ya kilio. Kalista akauliza amesema nini. Evarist akafungua mdomo kutafsiri nikamwambia nyamaza wewe, umeshatafsiri vya kutosha.

Kalista mwenyewe ndiye aliyemnyonyoa jogoo wake, jikoni kwangu, akilalamika kwamba sijui kunyonyoa. Thandi kala mapaja mawili.

Nimemwambia Evarist njegere nitapanda. Akasema alikuwa ameshaweka mbegu kwenye Noa tangu Jumatatu, akisubiri tu niseme.

Jumapili, 13 Julai

Tumeshuka mjini wote. Kalista kalazimisha kuja, anasema lazima ahakikishe mzigo hautoroki na treni. Thandi kanunua ndizi pale Sangasanga, njia panda, kazila njia nzima.

Alisema kiti changu kwenye ndege atakiwekea mkoba wake. Alisema chumba hatakifunga, nikitaka kuja kuoga nije. Nimemwahidi nitakwenda kuoga. Nitakwenda kweli, mwakani, baada ya mavuno, na nitarudi.

Mlangoni pa stesheni Kalista akatoa unga kwenye fundo la kanga, akampaka Thandi shavu moja. Watu wakageuka kutazama. Thandi akafungua mkoba wake taratibu, kama anatafuta leso. Akatoa ngumi imejaa unga! Wa kwangu, wa jikoni! Kampaka Kalista uso mzima, hadi kope, akamwambia kwa Kiswahili nilichokisikia kwa mara ya kwanza mdomoni mwake, "Kwaheri, chura." Sijui Evarist kamfundisha lini. Kalista alipiga magoti pale pale sakafuni kwa kucheka.

Treni ikaondoka kimya kimya. Treni hizi hazipigi hata honi ya kukupa muda wa kulia. Nililia hivyo hivyo. Kalista kanishika mkono hadi kwenye gari, unga bado usoni, hakuna aliyethubutu kumwuliza kitu.

Jumatatu, 14 Julai

Ukungu asubuhi, halafu jua. Mbuzi mweusi leo katulia.

Nimepanda matuta mawili ya juu. Udongo una unyevu mzuri. Nyumba ni kubwa kidogo bila Thandi. Ameacha leso yake yenye unga, nimeifua nikaianika.

Jioni Kalista kapita na kuni kichwani. Hakusimama. Kauliza tu, bado upo? Nikamjibu bado nipo. Akaguna, akaendelea na njia yake. Alipofika kwenye mteremko, akidhani simwoni, akaanza kutembea mwendo wangu. Matege, goti, bega moja chini, na kuni zake kichwani. Akasimama, akarudia hatua, akasimama tena, akajaribu upya.

Anajizoeza. Nimemtazama hadi alipopotea kwenye migomba. Ule mguu wa kushoto bado hajaupatia.